Askari niliyemdanganya mlangoni

Jamani, leo asubuhi nimemdanganya askari, nanyi mjue.

Nawaandikia kwa kompyuta, kuongea kwa simu nitashindwa.

Hamisi na mkewe Zuhura wanaishi kwangu. Mnajua Hamisi hana makaratasi ya kuishi huku ughaibuni.

Zuhura kaenda kazini, mara askari wa barabara kuu anagonga, anamuulizia Hamisi.

"Alisharudi Tanzania," nikamwambia.

"Una uhakika, bwana?"

"Kabisa."

Akaondoka. Hamisi akatoka chumbani, tukacheka.

"Kaka, umeniokoa."

Mchana hospitali ikapiga simu. Zuhura alipata ajali akienda kazini, karibu na mji wa Maple Grove. Yule askari alikuja kumchukua mumewe amuwahishe, maana Zuhura alikuwa anamuita.

Tulipofika, alishafariki.

Mkija msibani, Hamisi atawaambia kwamba askari hakutukuta nyumbani. Ananisitiri tu.

Alitukuta.