Binti Yangu Alimuuliza Mjomba Wake Pesa Imetoka Wapi

Chamgei wapendwa. Natumai mmeamka wazima kwa neema ya Mungu. Admin, tafadhali nifichie jina, huku kwetu tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, nachuna chai upande wa Boito. Binti yangu ameajiriwa na kampuni ya pesa za mtandaoni, hizi za bitcoin. Kazi yake ni kuuliza wateja: wewe ni nani, na pesa yako imetoka wapi? Anasema kampuni isipouliza, si leseni tu inanyimwa, hata wezi wanaingia, na watu wameshaumia sana na kampuni zisizouliza.

Sasa ndugu yangu, aliyemsomesha binti huyu baada ya baba yake kufariki, alifungua akaunti huko akaweka pesa nyingi kwa mara moja. Binti akamuuliza kama anavyouliza wengine. Hakujibu. Akaunti ikafungwa.

Ndugu yangu akanipigia simu akifoka. "Huyo niliyemlipia karo leo ananiita mwizi? Hiyo koito yenu mtafanya bila mimi!"

Koito ndiyo siku wazee wanaongea mahari, na binti yangu yuko karibu kuolewa. Bila mjomba, nani atambariki mtoto? Nikamsihi binti amfungulie tu. Akalia. "Mama, nikimfungulia mjomba, yule mteja, mama wa Ndanai, niliyemkatalia kwa kosa hilo hilo nitamwambia nini?"

Nikaenda kwake Kimulot kumwomba ndugu yangu aseme ukweli yaishe. Aliangalia mlango kwanza. "Dada, niliuza shamba la chai. Mke wangu hajui. Nilitaka hiyo pesa izae, ninunue lingine kubwa kabla hajajua. Mnunuzi ametuachia tuchune mpaka bonasi ya chai ya mwaka huu itoke. Ukifungua mdomo, mimi si ndugu yako tena."

Nikitoka, wifi yangu alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni. Akaniita akicheka, "Wifi, ona vile imechipuka! Mwaka huu Mungu ametukumbuka!" Nilimpungia mkono nikaondoka haraka.

Nimefunga, nimeomba, bado moyo ni mzito. Nikinyamaza, wifi anazidi kupalilia shamba la wenyewe. Nikisema, nimempoteza ndugu, na binti anaolewa bila baraka.

Jumamosi wifi ananingoja tukanunue miche ya kuziba mapengo shambani. Wapendwa, nishaurini, nifanye nini? Nijibuni kabla ya hiyo siku.