Ufagio wa Mama na Safari ya Baba

Nilipokuwa mtoto wa magoti meupe kwa vumbi, huko milimani Upare, kijiji chetu kilikuwa na zao moja tu lililostawi: wanaume. Kahawa ilikauka, mahindi yaliota kwa aibu katikati ya mawe, lakini vijana walichipua kila mwaka, wakateremka kwenda kulinda mageti ya watu Tanga na Mombasa. Tuliobaki tulikula ugali kwa matumaini. Matumaini ndiyo yaliyokuwa mboga.

Mwiko ulijulikana na kila mtu: msafiri akiondoka, nyumba haifagiwi siku hiyo. Ukifagia, umemfagia naye. Harudi.

Asubuhi baba alipoteremka na begi lake, mbuzi wa jirani aliingia ndani akamwaga gololi zake za mavi katikati ya sebule. Mama alitazama zile gololi, akatazama mlango, akachukua ufagio. Shangazi, dada yake baba, alikuwa uani anachambua maharage.

"Wifi! Unamfukuza kaka yangu?"

"Namfukuza mbuzi, wifi."

"Haya. Asiporudi, utatueleza."

Hakurudi. Salamu zilikuja mwaka wa kwanza, kisha kimya. Ukoo ukaketi kikao, wakala pilau aliyoipika mama mwenyewe, wakajifuta midomo, wakaamua: mke aliyemfagia mumewe hana haki ya shamba. Shamba likachukuliwa na baba mkubwa, ambaye, ajabu ya Mungu, shamba lake lilipakana na letu. Mama akafunga sufuria zake kwenye kanga, tukateremka naye kwenda kwao.

Siku hizi niko Guangzhou, nasafirisha viatu, na mimi mwenyewe ni zao la nje. Pale mtaa wa Sanyuanli napanga ghorofa moja na Dil, mpishi, Mgurkha kutoka Nepali. Kijiji chake cha milimani hupeleka vijana kwenye majeshi ya mataifa mengine. Wanaokataliwa huenda kulinda mageti. Nilimsimulia kisa cha mama nikitegemea atacheka.

"Hata kwetu, kaka," akasema kwa Kiingereza chetu cha sokoni. "Shemeji yangu alifagia nyumba siku mdogo wangu alipoondoka."

"Akapatwa na nini huyo mdogo wako?"

"Yuko Dubai, ameoa mwingine. Mama yangu bado anamlaumu shemeji."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Milima isiyojuana, upuuzi uleule! Na upuuzi wenyewe mwerevu: haumgusi mwenye geti, hauigusi bei ya kahawa, haumgusi mwanaume aliyeondoka kwa miguu yake. Unamkamata mwanamke aliye karibu.

Ila dharau yangu nianze nayo nyumbani. Mimi ninayebishana bei kwa Kichina na wauza viatu wa soko la Liuhua, kila nikiondoka Dar namnong'oneza mke wangu asifagie mpaka kesho. Hunitazama kama zile gololi za mbuzi.

Wazee wa Upare wangali wanasema mwiko ule ulitimia. Siwabishii tena. Kweli kuna mtu alitoka katika nyumba ile asirudi mpaka anakufa. Alikuwa mama.