Habu Iliyogoma Oldeani

Watu wengi wakisikia harufu ya mafuta ya kondoo yakidondokea chuma cha moto, mate huwajaa mdomoni. Mimi hukumbuka habu ya gurudumu la nyuma. Juzi nilisimama kwenye jiko la nyama pale Karatu, mafuta yakachuruzika kwenye wavu, na kabla sijaagiza chochote nikawa nimerudi Oldeani, niko darasa la nne, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu namtazama baba akigombana na kigari.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la kahawa. Kigari kilikuwa cha mbio, cha kijani, kifupi hata mbwa wetu alichungulia ndani bila kujinyanyua, na kilikuwa na viti viwili tu. Kijana wa Kizungu aliyekuwa akikiendesha kama amefukuzwa na nyati alipoondoka nchini alimwachia baba. Mama hakukipenda hata siku moja. "Baba Ester," alikuwa akimwambia, "nyumba nzima hii sisi wengine tutakaa wapi, kwenye bomba la moshi?" Baba alikuwa akicheka, akiendelea kukifuta vumbi.

Mwaka huo kigari kilipata kazi ya maana. Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, macho yalikuwa yanamwishia. Jicho moja lilikwisha funga, la pili lilikuwa kama dirisha la jikoni lililopigwa moshi. Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Bibi Mdogo, aliyeolewa na Mmasai ng'ambo ya Ngorongoro, huko njia inakoteremka kuelekea Endulen. Hawakuwa wameonana tangu kabla mimi sijazaliwa. Bibi hakuwa mtu wa kuombaomba, ila hilo aliliomba waziwazi: "Mwanangu, nipeleke nimwone mdogo wangu uso, kabla taa hii haijazimika."

Baba akaahidi. Lori la shamba lilikuwa linakwenda Arusha tu, na magoti ya Bibi yasingefika hata Karatu, kwa hiyo kilichobaki ni kigari. Nacho kilikuwa na ugonjwa: oili ilivuja kutoka kwenye ekseli, kile chuma kinachozungusha magurudumu, ikalowesha breki za nyuma. Kupanda hadi ukingo wa kreta unaweza kupanda hivyo hivyo, lakini kushuka upande wa pili na mama yako mzazi pembeni, bila breki, hilo baba hakuliweza.

Ili kuziba uvujaji ilibidi kuvua habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Katika gari lile habu ilikuwa imebanwa kwenye ncha ya ekseli iliyochongwa nyembamba mbele, na miaka ya vumbi la Oldeani, maji na kutu vilikuwa vimeifungisha ndoa na ekseli. Baba alichonga chombo chake mwenyewe karakanani: bamba nene lililofungwa kwenye bolti za gurudumu, na skrubu kubwa katikati ya kusukuma ekseli. Unakaza skrubu, unaigonga kichwani kwa nyundo, unakaza tena. Nati kubwa ya ekseli aliilegeza tu, hakuitoa. "Siku ikiachia itaruka," alituambia sisi watoto, "na nati hii ndiyo itakayookoa miguu yenu."

Haikuachia. Kila jioni akitoka kazini aligonga mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Ilikuwa miaka ile ya bidhaa adimu, sabuni yenyewe tulikuwa tunaikata kwa uzi, sembuse mafuta ya kulainisha kutu. Baba alilalamika hivyo mezani, na Bibi akasikia. Kwa Bibi hakukuwa na kitu kilichokakamaa ambacho mafuta ya kondoo hayakiwezi, kuanzia ngozi kavu hadi kifua cha mtoto. Siku iliyofuata, sote tukiwa hatupo, alichukua kibuyu chake akakipaka kigari mafuta kwa moyo wote.

Asubuhi yake tulikuta fisi amepita. Wanaoishi karibu na msitu wa Ngorongoro hawahitaji kuelezwa. Alikuwa amelamba habu ikang'aa, na mpira wa breki, uliokuwa umenona kwa mafuta, alikuwa ameutafuna akaacha kipande. Baba alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Bibi hakucheka. Baba alitafuta mpira mwingine kwenye Landrova bovu la shamba, nami nikapewa kitambaa nifute mafuta. Yalikuwa kwenye tairi, kwenye mlango, hata kwenye ukuta wa nyumba. Nilidhani Bibi ni mkarimu tu.

Wiki zikapita hivyo. Bibi alikuwa akija kusimama nyuma ya baba, mkono kwenye bega lake.

"Bado?"

"Bado, Mama. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Bibi alimjibu, akarudi ndani taratibu.

Mwishowe baba aliazima moto wa gesi wa karakana. Aliipasha habu mpaka mafuta yaliyobaki ndani yakaanza kuungua, na uwanja mzima ukanuka kama kuna sherehe. Akakaza skrubu kwa bomba refu, akagonga, akakaza tena, kisha akaweka nyundo chini akaja kula. Tulikuwa kwenye ugali na mlenda uliposikika mlio uliomfanya mama arushe mwiko. Jirani alikuja mbio akidhani askari wa msitu wanapiga nyati risasi. Tulikuta habu imeachia yenyewe, inaning'inia kwenye nati. Sisi watoto tulishangilia. Baba hakushangilia. Aliishika ile habu kwa kitambaa kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, Jumamosi tunakwenda."

Jumamosi nilikunjwa nyuma ya viti kama mzigo wa mahindi. Kwenye ukingo wa kreta kulikuwa na ukungu, hatukuona hata pua ya gari. Tulipoanza kushuka jua likatoka, breki zikashika vizuri, na baba akawa anazungumza bila kupumzika: kushoto pundamilia, kulia ng'ombe wa watu. Bibi aliitikia kila kitu.

Bomani mwanamke alitoka mbio kutupokea, amevaa shuka na shanga, mrefu, amenyooka. Alikuwa Shangazi Nasieku, binti wa Bibi Mdogo, na watu walisema amefanana na mama yake kama shilingi kwa ya pili. Bibi alishuka, akapanua mikono, akamkumbatia, akamshika mashavu.

"Mdogo wangu," alisema kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, "hujazeeka hata kidogo!"

Nilifungua mdomo. "Bibi, huyo si..." Mkono wa baba ulinishika shingoni nikanyamaza. Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Mdogo mwenyewe, kibogoyo, mgongo umepinda, ameegemea fimbo. Alimtazama baba. Baba alitikisa kichwa kidogo tu, kumzuia. Basi kikongwe yule akaja polepole, akasimama nyuma kabisa ya bega la binti yake, akajibu kwa sauti yake mwenyewe: "Na wewe, dada, uko vile vile." Shangazi alitulia tuli, machozi yakimtiririka kwenye vidole vya Bibi.

Nilikasirika sana. Kwa macho ya mtoto, watu wazima walikuwa wamemfanyia Bibi mchezo. Na Bibi alirudi Oldeani akimweleza kila mtu kwamba amemwona mdogo wake, uso ule ule aliomwacha nao. Alizikwa akiwa na habari hiyo. Mimi nilikua nikiwa na kinyongo changu, na sikuelewa, mpaka nilipokuwa na watoto wangu, kwa nini mkono ule ulinishika shingoni. Siku ile baba alikuwa amegundua, mbele za watu, kwamba habu imeachia taa ya Bibi ikiwa imekwisha kuzimika.

Alipozeeka, siku moja tukiwa tumekaa wawili, alilitaja mwenyewe bila kuulizwa. "Tulichelewa, Ester. Ningalipata moto ule mapema, mama yangu angalimwona."

"Alimwona, Baba," nilimwambia. Lilinitoka upesi, bila kulifikiria.

Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nimwongezee chai.