Mlezi wa Sungura wa Kingamwili

Wenzake kazini walimwita Bwana Karoti, naye hakuwa na neno. Kabla ya kuajiriwa kuwalea sungura wa maabara alikuwa amefanya kazi machinjioni tangu ujana wake, mpaka bega lilipokataa kubeba mizoga. Siku aliyorudi nyumbani na habari za kazi mpya, mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani! Mtu aliyekuwa akiogopwa na ng'ombe, leo anabembeleza sungura!"

Kazi yenyewe ilimkaa vizuri. Alianza asubuhi kwa kusafisha vizimba, akabadilisha maranda, akajaza maji na kugawa nyasi kavu. Kati ya sungura wake alikuwamo jike wa kijivu aliyempa jina la Shangazi, kwa sababu alivyomtazama mtu ungedhani amekuja kukagua usafi wa nyumba ya kaka yake.

Mkuu wa maabara alikuwa mama wa makamo, mtafiti, ambaye kila mtu alimwita Daktari. Siku moja, akisubiri Shangazi atulie apigwe sindano, Bwana Karoti alimuuliza wanatafuta nini hasa.

"DNA ya seli ikiumia," Daktari akamweleza, "kuna protini inayoisimamisha hiyo seli. Ni kama inaiambia, ngoja kwanza, usijigawe, tuzibe jeraha."

"Na isiposema kitu?"

"Seli inajigawa hivyohivyo, na jeraha lake. Mara nyingine uvimbe wa saratani huanzia hapo."

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa ameondoka kwa uvimbe wa titi. Ulitibiwa, ukatulia, kisha ukarudi. Mpaka siku zake za mwisho aliwauliza waliomtibu, "Kwa nini umerudi?" Walimjibu kwa upole, lakini jibu lenyewe hawakuwa nalo.

Daktari alihitaji kingamwili, ile kinga ambayo mwili huitengeneza kumkamata mgeni, ambayo ingeishika protini ile ikiwa imeamka na kuanza kazi, na kuziacha nyingine zote. Ndiyo maana sungura walidungwa kipande chake kidogo, ili miili yao ikione kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili ya kupambana nacho. Damu kidogo ilichukuliwa kwenye mshipa wa sikio na kupimwa. Kingamwili za wengine zilishika kila kitu hovyohovyo, au hazikushika chochote. Ya Shangazi peke yake ndiyo iliyofaa.

"Shangazi wangu amefaulu!" Bwana Karoti akamwambia mkewe jioni ile, kifua mbele kama mzazi. Hakujua kwamba kufaulu huko ndiko kutakakomponza.

Baadaye Daktari alikuja kwenye chumba cha sungura, akafunga mlango nyuma yake. Kingamwili ilikuwa imefika kilele, akasema, na haingekaa hapo. Ilibidi damu ichukuliwe. Shangazi angepewa dawa ya usingizi, asingesikia maumivu, wala asingeamka.

"Damu yote?"

"Yote, mzee wangu."

Machinjioni alikuwa ameona damu ya kutosha, wala haikumnyima usingizi. Lakini wale wa kule hakuwahi kuwalisha.

"Si uje naye hapa nyumbani?" mkewe akamwambia jioni, aliposikia habari hizo. Safari hii hakuwa na utani. "Sungura mmoja hawezi kukosa nafasi kwetu."

Kesho yake mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, alimweka Shangazi ndani ya boksi, akalifunika kwa koti lake la kazi, akashika njia ya mlango wa nyuma. Kwenye korido akakutana ana kwa ana na Daktari.

Daktari akalitazama boksi, kisha akamtazama yeye. "Mzee wangu, hilo boksi linapumua."

Bwana Karoti akalisogeza boksi kifuani.

"Ukitoka naye sitamwita mlinzi," Daktari akasema taratibu. "Ila siwezi kukudanganya kwamba nitapata mwingine kama yeye. Nimejaribu wengi."

Alisimama pale na boksi lake. Ndani yake Shangazi alikuwa akikwaruza kadibodi. Akamkumbuka dada yake kitandani, akiuliza swali lake. Akaliweka boksi chini, akaliondoa koti.

"Basi nitamshika mimi," hatimaye akasema. "Asishikwe na mtu mwingine."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alimpakata wakati dawa ikiingia, akahisi ule mwili mzito ukilegea, na mapigo yakififia chini ya kiganja chake. Walipomaliza, alinawa mikono, akasafisha kizimba kilichobaki wazi, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Hakuna aliyemsumbua.

Majuma kadhaa baadaye Daktari alimwita aangalie picha kwenye kompyuta. Upande wa seli ambazo hazikuumizwa hapakuwa na kitu. Upande wa zile zilizopigwa mionzi ili DNA yake iumie, palikuwa na mstari mmoja mweusi.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu. Haikushika kingine chochote."

Akautazama sana. "Sasa utajibu swali la dada yangu, kwa nini uvimbe wake ulirudi?"

"Sijui," Daktari akasema. "Nisikuahidi nisichokijua."

Kingamwili ya Shangazi iligawanywa kwenye vichupa vidogo na kutunzwa kwenye friza. Ilitumika miaka mingi, hata baada ya Bwana Karoti kustaafu. Tone la mwisho lilipokwisha, Daktari alimfuata nyumbani kumwambia mwenyewe. Alimkuta kaketi mlangoni na mkewe, wakichambua mchele.

"Tumegundua kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ile protini ipo, ila haiamki," akamweleza. "Ndiyo maana uvimbe wao unarudi."

"Na mmejua namna ya kuiamsha?"

"Bado, mzee wangu."

Daktari alipoaga, mkewe aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Sasa ni nusu ya jibu. Wifi angeipokea."

"Angeipokea," Bwana Karoti akasema, "halafu angedai iliyobaki leoleo."

Wakacheka kidogo. Kisha yeye akajifuta macho kwa kiganja, na mkewe akamsogezea sinia karibu, wakaendelea kuchambua.