Mimi na baba mkwe tulivyoheshimiana mpaka tukaunguza ubao wa gitaa: somo la kuchagua bledi ya bendiso

Wakuu, salaam kwenu mlioko mabondeni na mlioko kwenye baridi.

Nimeona huko juu kwenye jukwaa la mafundi kijana mmoja anauliza anunue bledi gani ya bendiso, anataka kuanza kutengeneza magitaa. Watu wamemjibu kwa kifupi: "Nunua nzuri."

Sasa nzuri ni ipi? Nikaona nisipite kimya, maana swali hilo liliwahi kunitoa jasho Lushoto, mji wa baridi ambako watu wengi hawajui jasho la kusimama tu.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na aibu yote nimeiacha humo humo.

Kwa wasioijua, bendiso ni ule msumeno wa mashine wenye mkanda wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini. Mkanda huo ndio bledi. Una meno upande mmoja, unashuka muda wote, na wewe unasukumia ubao.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kuingia. Mnaokumbuka mnakumbuka.

Kabla ya hapo ukitaka bledi ulikwenda duka la ushirika, ukaambiwa hakuna, ukarudi nyumbani. Siku ikipatikana, ni ya aina moja tu, unabeba na kushukuru. Hakuna aliyekuuliza unataka ya meno mangapi. Tulikua hivyo, kwa hiyo kuchagua hatukujua. Shikeni hapo.

Mimi kwetu ni Magoma, huko chini bondeni. Nilipomaliza kidato cha nne nikapanda Lushoto, nikapata kazi kwenye karakana ya Mzee Zakayo.

Mzee huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Kilipofungwa, akaondoka na bendiso kuukuu kama kiinua mgongo. Bledi yake ilikuwa moja, imechomelewa mara nyingi mpaka kila ikizunguka inalia tak, tak, tak. Alitengeneza vitanda, milango, na mara moja moja gitaa la kwaya.

Alikuwa mkali, wakuu. Ukikosea alikwambia papo hapo, kwa Kishambaa, kwa sauti ya kufika sokoni. Akikuhurumia alitumia Kiswahili, akibakiza "mgosi" tu, yaani mwanamume: "Wewe mgosi, hiyo ni mikono au ni miguu?"

Hata salamu yake ilikuwa ya kikazi. Nikisema "Shikamoo," anajibu "Marahaba, shika huku," anakuwekea ncha ya ubao mkononi.

Nilijifunza kazi kwa kufokewa, na nilijifunza haraka.

Mambo yaliharibika nilipompenda binti yake.

Naomi alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisani kwao. Gitaa lake lilikuwa limepinda shingo, akilipiga anabonyeza nyuzi mpaka vidole vinaota sugu. Nisiwachoshe na habari za mapenzi, zina jukwaa lake. Kwa kifupi, wazee wangu walipanda kutoka Magoma wamevaa makoti ya kuazima, barua ya posa ikafikishwa, ikapokelewa.

Kesho yake asubuhi nikaingia karakana. "Shikamoo baba."

Mzee akaacha randa, akasimama wima. "Marahaba mkwe wangu. Karibu ukae."

Nikae wapi wakuu? Pale ni kazini.

Tangu siku ile sikufokewa tena. Mnajua mambo ya ukwe milimani kwetu hayana mchezo: mkwe hafokewi, na mkwe habishi. Nikikata ubao ukatoka mfupi, mzee anakohoa kidogo, anasema, "Huu tutautafutia kazi nyingine." Nikisahau randa mvuani, naikuta imefutwa na kupakwa mafuta, na hakuna aliyesema neno.

Na mimi vilevile. Akisema kitu ambacho naona kabisa siyo, naitikia "Ndiyo baba."

Tulikuwa wapole mpaka wateja wakawa wanatuuliza kama tumefiwa.

Katika upole huo mzee akatangaza kwamba zawadi yake ya harusi kwa Naomi itakuwa gitaa. Na atalitengeneza kwa ubao wa mkulo.

Mkulo ni ule mti wetu wa milimani wenye harufu kali. Kuukata kulishakatazwa na serikali. Ubao huu aliuacha marehemu mke wake. Mama huyo aliuweka darini, juu ya jiko, ukakaushwa na moshi miaka na miaka. Watu walikuja kuuomba kwa ajili ya milango na makabati, akawakatalia wote. "Ni wa Naomi," alikuwa anasema, bila kueleza wa nini. Akafariki ukiwa bado darini.

Kwa hiyo ulikuwepo mmoja tu duniani. Unene wake ulitosha kutoa vipande vyembamba vinne, viwili vya mgongo wa gitaa na viwili vya mbavu. Uso ulikuwa na mbao yake nyingine nyeupe, hiyo haikuwa na shida. Lakini kwenye mkulo, ukiharibu hakuna pa kwenda kuomba mwingine. Naomi alijua hilo, na alikuwa anapita karakana kila siku kuugusa tu.

Kwa kazi hiyo ile bledi ya tak tak haikufaa. Nikatumwa Tanga kununua mpya, maana mimi ndiye niliyesoma.

Dukani nikakuta bledi zimening'inizwa ukutani kama mikanda ya suruali. Pana, nyembamba, za meno makubwa, za meno madogo. Sikuwahi kuona bidhaa nyingi namna ile za kazi moja.

Muuzaji, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, akaniuliza, "Unataka meno mangapi, mwanangu?"

Wakuu, mtu aliyekulia kwenye "hakuna" ukimuuliza anataka mangapi, atasema nini?

"Nipe yenye mengi," nikajibu.

"Unakata nini?"

"Mama, mimi ni fundi. Kazi yangu naijua."

Akanitazama juu ya miwani, akanifungia. Meno kumi na manne kwa kila inchi moja. Njia nzima kutoka Mombo kupanda Soni nimeipakata bledi yangu, nacheka peke yangu. Niliona nimewapunja wenye duka.

Nilipofika, mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya meno, taratibu, kipande kirefu. Kisha akasema, "Mkwe, umechagua vizuri."

Ule ukucha ulikuwa na maneno mengi. Mimi sikuusoma.

Tukafunga bledi. Tukausimamisha ubao kwa ubavu kwenye mwongozo, ule ukingo wa pembeni unaonyoosha mkato, mzee akashika nyuma, mimi nikasukuma. Inchi mbili za kwanza zikaenda vizuri. Baada ya hapo ubao ukagoma.

Nikasukuma zaidi. Mashine ikaanza kulia vibaya, harufu ya mkulo ikapanda mpaka machozi yakatutoka, kama mtu amefungua kopo la dawa ya mafua usoni. Halafu ukaja moshi.

"Baba, unaonaje?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyesoma, mkwe."

"Nadhani moshi kidogo ni kawaida ya bledi mpya."

"Huenda ikawa kawaida."

"Niendelee?"

"Endelea, mkwe."

Nikaendelea. Ukweli wa moyoni, nilishajua siyo kawaida. Lakini mzee amesema endelea, mimi ni nani nibishe? Na yeye, kama alivyokuja kukiri, alijua tangu alipopitisha ukucha. Lakini mkwe amechagua, yeye ni nani amuumbue?

Tukaendelea kuunguza ubao wa marehemu kwa adabu zote.

Naomi alinusa akiwa barabarani. Aliingia mbio, hakusalimu mtu, akazima swichi. Akavuta ubao nyuma, akautazama.

Bledi ilikuwa imejaa tumbo ndani ya mbao, imebetuka kama upinde. Ilipoingia ilikuwa kwenye mstari, katikati ikapinda ikatokea nje. Kipande cha kwanza kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na kingo zake nyeusi.

"Tate," akamwambia baba yake, ndivyo wanavyomwita baba kwa Kishambaa, "ulikuwa unaona?"

Mzee akatazama chini. "Niliona."

"Na wewe?"

"Niliona," nikasema.

"Mmeona wote wawili, mmesimama hapa mnaambiana ndiyo baba, ndiyo mkwe. Mnaheshimiana kwa ubao wa mama yangu?"

Akakaa juu ya unga wa mbao na kulia. Alilia sana. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini lile bado linaniuma, kwa sababu kulizuia ilikuwa neno moja tu na nilikuwa nalo mdomoni.

Aliponyamaza akafuta uso, akasema vipande vitatu bado viko ndani ya ubao. Kesho tushuke Tanga wote wawili, na tuulize kama watu wasiojua.

Tukashuka. Mzee alivaa koti la kanisani.

Yule mama wa miwani aliponiona akacheka. "Fundi umerudi. Leo utaniambia unakata nini?"

Tukajibu kwa pamoja: "Gitaa!"

Basi akatufundisha, na ndicho nilichotaka kumwambia kijana wa huko juu. Kati ya jino na jino kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayobeba unga wa mbao kuutoa nje. Ubao ukiwa mnene unga ni mwingi, kwa hiyo nafasi iwe kubwa na meno yawe machache. Ukiweka meno mengi, unga unakosa pa kwenda, bledi inapata moto, inapinda, inajitafutia njia yake. Kumi na manne yangu yalikuwa ya kukata chuma.

Ya kupasulia alitupa pana, nusu inchi, meno matatu kwa inchi. Upana unaifanya iende moja kwa moja. Ya kuzungushia umbo, kile kiuno cha gitaa, akatupa nyembamba ya robo inchi yenye meno sita, maana pana haikunji kona. Alisema na ukikata kitu chembamba sana hapo ndipo meno mengi yanafaa, angalau meno matatu yawe ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Na bledi ikazwe sawasawa. Ikilegea, hata nzuri inajaa tumbo.

Mzee alikuwa anauliza kila kitu mara mbili. Sijawahi kumwona mtu wa umri wake akiuliza vile.

Siku ya kupasua upya, Naomi akasimama mlangoni kwa mikono kiunoni. Mashine ikawashwa, nikaanza kusukuma. Meno matatu yale yaliingia kwenye mkulo kwa sauti nzito, unga ukamwagika chini, moshi hakuna.

Nikapata raha, nikaongeza kasi.

"Polepole!"

Ilikuwa sauti ya mzee. Ile ya zamani.

"Polepole wewe mgosi! Unasukuma ng'ombe? Mkono wa kushoto uko wapi? Bana kwenye mwongozo! Bana!"

Kisha akahamia Kishambaa, na hayo sitafsiri kwa sababu ya sheria za jukwaa.

Wakuu, nilikuwa nasukuma ubao huku meno yote nje. Wiki nyingi nilikuwa mgeni wa heshima kwenye karakana niliyojifunzia kazi. Siku ile nilifokewa kama mtoto wa pale, na nikajua nimeoa hata kabla ya harusi.

Vipande vitatu vilitoka safi. Kile chenye tundu tukakata katikati, tukaunga pande mbili zilizopona zikawa nusu moja ya mgongo. Kwa hiyo mgongo wa gitaa la Naomi una vipande vitatu, siyo viwili kama magitaa ya watu. Aliyeuliza kwa nini, mzee alimjibu, "Ndivyo vilivyotoka." Hakunitaja hata siku moja.

Naomi alilipiga kwenye harusi yake mwenyewe. Alinyanyuka na gauni lake jeupe, akaenda kusimama na kwaya, na mimi nikabaki peke yangu kwenye kiti cha maharusi wawili, nalia mbele ya watu.

Mzee Zakayo alishatangulia mbele ya haki. Karakana ninayo mimi, bendiso ni ile ile, na siku hizi bledi ziko za kila namna mpaka unachanganyikiwa. Nina wakwe wawili wanaonisaidia, vijana wazuri. Juzi nimefunga bledi ya robo inchi kupasulia gogo, kwa kupitiwa tu, na wote wawili wakasimama wananitazama. Nikawauliza kama iko sawa.

"Iko sawa kabisa, mzee."

Niliogopa, wakuu. Sijui ni mara ngapi wameshaniambia hivyo.

Kwa hiyo kijana wa huko juu, tazama kwanza unene wa unachokata, ndipo uhesabu meno. Na muuzaji akikuuliza unakata nini, mjibu.

Na ninyi mafundi mliomo humu, rudieni pale nilipotaja meno na upana. Kama nimekosea mahali, semeni hapa hapa, na msianze na shikamoo. Heshima ninayoipata nyumbani inanitosha.