Bomba Lililobonyea

Siku mhudumu wa matangi alipomwona kwa mara ya kwanza, yule binti alikuwa amepiga magoti akinusa koki ya tangi la pili, pindo la koti lake jeupe likifagia sakafu. Kiwanda kile kilitengeneza manukato ya ndizi ya kutia kwenye peremende, ingawa hakuna ndizi hata moja iliyowahi kupita getini. Ilikuwa ni asidi ya siki na spiriti tu, vinachemshwa pamoja.

Binti huyo, mkemia mpya, aliinua kichwa. "Kaka, mbona hili linanukia kuliko wenzake?"

Miaka kumi na minane mhudumu alikuwa akiyalisha matangi yale matatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mbona. Wenzake walimwita Kimya. Alitazama viatu vyake, akajibu kuwa hajui, na huku anajua.

Mvuke wa kila tangi ulipanda, ukapoa, ukarudi tangini kwa bomba. Bomba la tangi la pili lilikuwa limechoka, limebonyea katikati. Pale penye bonde maji yalituama chini, manukato yakaelea juu yake na kwenda zake tangini. Chini ya bonde palikuwa na tundu dogo kama la sindano, maji yakidondoka tone kwa tone. Amri ilikuwa kila panapovuja paandikwe kwenye daftari la mafundi, lakini daftari lilikaa ofisini, na ofisini lazima mtu ajieleze. Akatega kopo. Baada ya wiki kadhaa aligundua kwamba kadiri kopo lilivyojaa, ndivyo tangi lile lilivyotoa manukato mengi.

Binti huyo, waliyekwisha kumbandika jina la Mizani kwa kupima kila kitu hadi chai yake, alichukua nusu mwezi kumtoa maneno hayo mdomoni. Alipoliona kopo alikaa chini palepale.

Alimweleza kwamba mle tangini hakuna kilichosimama. Asidi na spiriti vinageuka manukato na maji, na papo hapo manukato na maji vinageuka tena asidi na spiriti. Wanaokwenda wakilingana na wanaorudi, mtu huona kazi imegoma, naye bosi huamuru moto uongezwe, bure kabisa. Lakini punguza maji, manukato yanakosa wa kurudi naye, na safari ya kwenda ndiyo inashinda.

"Kama dansi," Kimya alisema. "Mwenzako katoka, utacheza na nani?"

Mizani alicheka hadi akashika ukuta. Hakuna aliyewahi kucheka hivyo kwa neno lake.

Walijaribu saa za chakula. Tangi la kwanza waliliongezea spiriti, manukato yakapanda. La tatu walilifungia bomba lenye bonde na koki ya kuchotea maji, yakapanda zaidi. Kisha Mizani akachukua manukato kidogo kwenye chupa yenye tone la asidi nyingine isiyonuka, akayamiminia maji, akayachemsha. Harufu ya siki ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Yote aliyaandika.

Msimamizi wa matangi alikuwa anastaafu, na Kimya aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Daktari alishamwambia kifua chake hakiwezi tena kubeba madumu ya asidi. Mizani akamwambia asihofu, kwenye mkutano na bosi yeye ataeleza mambo ya kitaalamu, kisha atamtaja, naye atasimama aseme sentensi moja tu. Kimya aliifanyia mazoezi mbele ya mkewe aliyekuwa akimpigia shati pasi: niliona kopo linajaa, nikafikiri.

Mkutanoni Mizani alieleza vizuri mno. Kila aliposema "nimegundua," Kimya alijiweka sawa kitini, akingoja jina lake. Bosi akauliza tundu lenyewe lilionekanaje. Mizani alisita kidogo, akafunua ukurasa, akasema kuwa bomba lilikuwa linavuja kwa miezi na mhudumu wa matangi hakuripoti.

Vichwa vyote vikageuka. Kimya alisimama aseme sentensi yake, lakini bosi alidhani anataka kuomba radhi, akamwambia akae.

Usimamizi alipewa Mizani. Kimya alipewa barua ya onyo na madumu yake yaleyale.

Wiki mbili baadaye alikuwa ameinama juu ya tangi la pili, akifungua bomba la zamani ili lipya, lenye bonde la kupimwa, lifungwe mahali pake. Mizani alikuja, akasimama karibu kabisa, akaliokota kopo na kuligeuzageuza. Tangu siku ya mkutano maagizo yake yote yalimfikia Kimya kwa karatasi. Lakini wakati ule alizungumza kwa upole, karibu kwa huruma, na hilo ndilo lililomchoma.

"Kaka, hata ningekutaja, wewe ungewaambia nini?"