Mkasi wa Shangazi

Na msiniambie tena eti ni kwa usalama wetu. Usalama wa nani? Mimi nilikuwepo.

Shangazi yangu ni mkunga. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Mkasi wake anauchemsha mwenyewe, anaufunga kwenye kitambaa cheupe, na ole wako uuguse. Mimi nilishawahi kula kibao kwa kutaka kukatia kucha.

Wiki iliyopita wakubwa wa nchi kibao walikuja pale ukumbini kuongelea usalama wa dunia. Mtaa wa nyuma ya ukumbi ukawekewa vizuizi, nyumba zikapekuliwa, visu na nyembe vikabebwa vyote. Siku hiyohiyo fundi cherehani anayekaa mle ndani akashikwa na uchungu. Hata yeye mikasi yake ilishabebwa.

Kizuizini, mlinzi akafungua mkoba wa Shangazi.

"Mama, chenye ncha hakipiti."

"Mwanangu, kitovu chako nilikikata na mkasi huuhuu. Ulitoka umenuna hivyohivyo."

Wenzake wakacheka. Yeye akautupa sandukuni, juu ya visu vya watu. Nikapandwa na jazba, Shangazi akanivuta shati.

"Funga domo, twende. Mtoto hasubiri."

Kweli hakusubiri. Akatoka analia, wa kike. Shangazi akafunga uzi kitovuni, akanyoosha mkono nyuma kwa mazoea. Hakuna mkasi. Na damu ya mama haikatiki, wala Shangazi hawezi kumshughulikia mtoto akiwa bado amefungwa naye.

"Lete mkokoteni," akaniambia. "Mkasi hauingii, basi sisi tunatoka."

Nikasukuma. Mama kalala, mtoto kifuani, kitovu hakijakatwa. Watu wakawa wanapisha.

Mlinzi alipotuona akakimbilia sanduku. Lakini mkasi ulishachafuka, ikabidi uchemshwe upya kwenye birika lake la chai. Tumesimama wote tunayatazama maji, mama anazidi kuwa wa baridi.

"Shangazi, nisamehe," mlinzi akasema, akiinua birika.

"Shika vizuri."

Kitovu kikakatwa, mtoto mzima. Mama yuko hospitali, hata kukaa hajaweza. Shangazi anausugua tu ule mkasi.

Wakubwa wanarudi mwezi ujao, na vizuizi vyao. Asubuhi hiyo kila nyumba ilete mkasi pale kizuizini. Tulijaze lile sanduku mpaka lifurike, na tusibanduke mpaka mkunga apite na wake. Usitume mtu. Njoo mwenyewe.